UZI: Dolly Parton na mwaka wake wa 2023, mnaosema aliisaliti kantri njooni hapa tuongee taratibu

MwanaSanturi (mleta uzi)

Wakuu salaam, na wadada pia.

Kule kwenye uzi wa muziki wa kantri ubishi umefika pabaya, kuna watu wanasema Dolly Parton, yule mwimbaji na mtunzi wa kantri wa Marekani, aliikimbia kantri mwaka 2023 akatoa albamu ya roki, Rockstar, akiwa na miaka 77, na mwingine kaandika eti ni bibi anayetafuta kiki uzeeni. Nilitaka nijibu kulekule kwa mistari miwili nikashindwa, huyu mama nimemsikiliza tangu enzi za kanda na siwezi kuacha hilo neno lipite hivihivi. Nimeona nilete uzi wake kabisa, ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Ninachosema mimi ni hiki: ukiuangalia ule mwaka wote na usiishie kwenye albamu, utaona Dolly hajahama popote, kazi yake kubwa tangu 1967 ni kuimba na mtu mwingine pembeni, na 2023 aliifanya hiyo kazi kuliko mwaka mwingine wowote ninaoujua mimi. Roki ilikuwa ndo mlango wa mwaka huo tu.

Tuanze Januari, maana wengi wanaanza Novemba ilipotoka albamu wanakosa nusu ya stori. Januari ilitoka Gonna Be You, wimbo wa filamu ya 80 for Brady, mtunzi Diane Warren, na humo Dolly anaimba na Belinda Carlisle, Cyndi Lauper, Debbie Harry na Gloria Estefan. Wamama watano watupu wenye majina makubwa kwenye wimbo mmoja, na hakuna anayemfunika mwenzie. Wimbo wenyewe ni wa kawaida, sitadanganya, ila sikiliza wanavyopokezana mistari.

Februari zikatoka mbili. Ya kwanza ni Jolene, aliyoimba na Olivia Newton-John. Olivia alikuwa ameshafariki Agosti 2022, na hiyo ni moja ya rekodi zake za mwisho mwisho. Olivia huyuhuyu alishairudia Jolene kwenye albamu yake ya mwaka 1976, kwa hiyo aliishi na huo wimbo miaka zaidi ya arobaini afu mwishoni kabisa akauimba na mwenyewe mtunzi. Mimi kila nikiusikia nakaa kimya kwanza. Ya pili ni Peace Like a River, injili, na Dionne Warwick, kaitunga Dolly, na prodyuza ni Damon Elliott, mtoto wa Dionne.

Aprili yumo kwenye albamu ya Bebe Rexha, wimbo unaitwa Seasons, yaani binti wa pop ambaye kwa umri angeweza kuwa mjukuu wake. Na Dolly mule haimbi kwa kujitutumua aonekane kijana, anakaa chini ya sauti ya yule binti anamshikilia.

Sasa hesabu, miezi minne tu. Wimbo wa filamu, kantri, injili, pop. Roki bado hata hatujaigusa. Mtu wa kuihama kantri anahamaje kwenda sehemu nne kwa mpigo?

Naendelea kwenye bandiko linalofuata, msijaze uzi kwanza.

Otis_wa_Rift

Niaje MwanaSanturi. Mimi ni wa huku Kenya na kantri huku ni kitu serious, watu wamelelewa na Jim Reeves, Don Williams na Kenny Rogers kwa redio mpaka wazee wetu wanajua maneno yote. Kwa hivyo tusikie ukisema, lakini mimi pia nilishangaa hiyo albamu. Ni nini ilimsukuma? Alikuwa na kila kitu tayari.

MwanaSanturi

Karibu sana ndugu yangu Otis, na hapo ndo patamu.

Turudi nyuma kidogo, Machi 2022. Dolly alipendekezwa kuingia Rock and Roll Hall of Fame, ile orodha ya heshima ya wanamuziki wa roki kule Marekani, akaandika hadharani akiomba jina lake litolewe, akasema hadhani kama amefikia kustahili hiyo heshima na hataki kugawanya kura za wengine. Kwenye tangazo hilohilo akagusia kwamba siku moja anatamani afanye albamu ya roki. Waandaaji wakasema karatasi za kura zimeshatoka, watu wakampigia, na baadaye akakubali. Tarehe 5 Novemba 2022 akaingizwa rasmi kule Los Angeles. Kwake ikawa kama deni: kama mmeniita mtu wa roki basi ngoja niwape roki.

Ila kuna jambo ambalo sijaona mtu analisema. Ebu angalia nani waliingizwa usiku uleule: Pat Benatar na mume wake Neil Giraldo, Judas Priest ya Rob Halford, Duran Duran ya Simon Le Bon. Aliyemtambulisha Dolly jukwaani ni Pink. Mwishoni wakaimba Jolene wote pamoja, wakiwemo Pink, Brandi Carlile, Sheryl Crow, Annie Lennox, Benatar na Halford. Sasa fungua orodha ya albamu ya Rockstar iliyotoka mwaka mmoja baadaye. Benatar na Giraldo wamo, Heartbreaker. Halford yumo, Bygones, pamoja na Nikki Sixx na John 5. Le Bon yumo, My Blue Tears. Pink na Brandi wamo, Satisfaction. Sheryl Crow yumo. Mama alipewa tuzo akaondoka na namba za simu za watu waliokuwa ukumbini!

Na hiyo My Blue Tears ni wimbo wake mwenyewe wa kantri wa mwaka 1971, upo kwenye Coat of Many Colors. Kachukua wimbo wa zamani wa milimani kwao Tennessee kampa Mwingereza wa Duran Duran aimbe naye. Mtu aliyesaliti kantri hafanyi hivyo wakuu.

Sababu ya pili ni nyumbani. Mume wake Carl Dean, walifunga ndoa 1966, alikuwa mpenzi wa roki hasa, Led Zeppelin, Lynyrd Skynyrd, hao ndo watu wake. Carl alikuwa hapendi kabisa kuonekana mbele za watu lakini yumo kwenye hii albamu: ile Magic Man aliyoimba na Ann Wilson kwenye orodha imeandikwa kabisa "Carl Version", yaani toleo la Carl. Na hata Stairway to Heaven ya Led Zeppelin haikuwa mara ya kwanza, alishairekodi 2002 kwenye Halos & Horns kwa mtindo wa bluegrass, ule wa kantri ya zamani ya milimani. Safari hii akamwita Lizzo apulize filimbi. Kwa hiyo hayo mapenzi ya roki yalikuwepo ndani ya ile nyumba miaka yote, sisi tu hatukuambiwa.

Nyakato

Kaka MwanaSanturi umeandika vizuri ila mimi nina swali la uhakika. Nyimbo 30, zaidi ya saa mbili, na nyingi ni za watu zilizokwisha kuimbwa zikaimbika. Let It Be ya nini tena? Mimi niliisikiliza nikasema mbona ni ileile. Usitupake mafuta, sema ukweli.

MwanaSanturi

Dada Nyakato nakujibu kwa heshima na kwa ukweli.

Kati ya zile 30, tisa ni zake mwenyewe, ikiwemo ile My Blue Tears ya zamani, na 21 ni za wengine alizozirudia. Na ni kweli, nyingi za kurudia zimepigwa karibu sana na zilivyopigwa na wenyewe. Prodyuza Kent Wells ambaye ni mpiga gitaa wake wa miaka mingi aliziheshimu mno. Every Breath You Take na Sting, Open Arms na Steve Perry, Keep On Loving You na Kevin Cronin, hizi mimi ningeziacha nje na albamu ingekuwa kali zaidi. Nyimbo kumi na nane zingetosha kabisa. Hapo nakubaliana na wewe.

Ila Let It Be nitaitetea mpaka kesho. Ilitoka Agosti. Paul McCartney yupo kwenye piano na anaimba, Ringo Starr kwenye dramu, Peter Frampton gitaa, Mick Fleetwood anagonga vyombo vingine. Wanachama wote wawili wa Beatles waliobaki hai, kwenye wimbo wa Beatles, na aliyewakutanisha kwenye rekodi ni mama wa kantri kutoka kaunti ya Sevier, mtoto wa nne kati ya kumi na wawili, aliyezaliwa kwenye nyumba ya chumba kimoja. Wewe unasikia wimbo uleule, mimi nasikia Paul akimwachia Dolly nafasi kwenye wimbo wake mwenyewe. Sikiliza tena kwa hedifoni, fuata sauti ya pili, usifuate ya kwanza.

Na hapo nirudi kwenye hoja yangu. Watu wanamjua Dolly kwa wigi, kucha na vichekesho, au wanamjua kama mtunzi. Ni sawa. Lakini elimu yake aliipata kwa mwimbaji wa kantri Porter Wagoner, aliingia kwenye kipindi chake cha televisheni 1967 akakaa mpaka 1974, miaka saba ya kuimba na mwanaume mmoja wiki hadi wiki, anajifunza pumzi ya mwenzie inakatika wapi. Alipoondoka akamtungia wimbo wa kumuaga, huo ndo I Will Always Love You, ambao huku kwetu wengi wanaujua kwa Whitney Houston 1992. Afu 1983 akaja Kenny Rogers na Islands in the Stream, waliotunga ni ndugu wa Bee Gees, ukashika namba moja kwenye chati ya kantri na ile kuu pia. 1987 akaja na Emmylou Harris na Linda Ronstadt, albamu ya Trio.

Sasa unganisha. Miaka hiyo yote huyu mtu hajawahi kuwa peke yake muda mrefu. 2023 ni mwendelezo.

Mzee Kigamboni

Hapo kwenye Trio vijana nisikilizeni mimi mzee wenu. Kwenye Rockstar kuna wimbo unaitwa You're No Good, ameimba na Emmylou Harris na Sheryl Crow. Watu wanaupita tu. Huo wimbo ulimpeleka Linda Ronstadt namba moja Marekani mwaka 1975. Na Linda mwaka 2013 alitangaza kwamba maradhi yamemnyima sauti, hawezi tena kuimba. Kwa hiyo Dolly na Emmylou wamekaa wawili wanaimba wimbo wa mwenzao wa tatu ambaye hawezi kuwepo, na nafasi yake wamemwomba Sheryl aisimamie. Hakuna tangazo, hakuna maelezo. Anayejua anajua.

MwanaSanturi

Shikamoo mzee. Asante sana, wallahi hiki ndo nilikuwa natafuta namna ya kukiandika na umekiandika vizuri kuliko ambavyo ningeweza.

Na ipo nyingine ya aina hiyo mzee, Free Bird, wimbo wa Lynyrd Skynyrd. Kwenye ile ya Dolly wameweka sauti ya Ronnie Van Zant, mwimbaji wa bendi hiyo aliyekufa kwenye ajali ya ndege 1977, na gitaa la mwenzake Gary Rossington ambaye alifariki Machi 2023, albamu haijatoka hata. Artimus Pyle naye yumo na bendi yake. Kwa hiyo ukiutazama ule mwaka kwa jicho hilo, Olivia ameshatangulia, Van Zant ameshatangulia, Rossington katangulia katikati ya safari, Linda hana sauti. Dolly anakusanya watu kabla hawajaisha. Hajasema hivyo mahali popote nilipoona mimi, haya ni maneno yangu, lakini sioni namna nyingine ya kuisikiliza.

Otis_wa_Rift

Wacha weh. Mzee Kigamboni umenimaliza, naenda kusikiliza hiyo saa hii.

Lakini hamjasema juu ya Kid Rock. Huo wimbo Either Or aliimba na Dolly kwa Rockstar ulileta makelele mingi, watu wa Marekani walikasirika.

MwanaSanturi

Otis ni kweli. Kid Rock alikuwa na maneno ya kisiasa na watu wakamuuliza Dolly kwa nini umemweka, akajibu kwa namna yake ya siku zote kwamba yeye anawapenda watu na hamuhukumu mtu. Mimi ule wimbo hata haunivutii kama wimbo, kwa hiyo sina la kuongeza. Ila usisahau kwenye albamu hiyohiyo kuna World on Fire, kautunga mwenyewe, na humo amewasema wanasiasa waziwazi kwamba ukweli hawautambui hata ukiwang'ata. Aliuimba mara ya kwanza tarehe 11 Mei kwenye tuzo za ACM, tuzo kubwa za kantri Marekani, kule Frisco, Texas, ambako alikuwa pia mshereheshaji pamoja na Garth Brooks. Yaani kasimama katikati ya sherehe kubwa ya kantri, mbele ya watu wa kantri, ndo akafungulia hapo wimbo wa kwanza wa albamu yake ya roki. Hao ndo aliowasaliti?

binti_wa_Moro

Samahani jamani mimi mgeni kwenye haya mambo, iliuza lakini? Maana mnasifia tu.

MwanaSanturi

Karibu mdogo wangu, swali zuri tu.

Ilitoka tarehe 17 Novemba 2023 kupitia Butterfly, lebo yake mwenyewe, wakishirikiana na Big Machine. Ni albamu yake ya 49 ya studio akiwa msanii pekee. Ikaingia namba 3 kwenye Billboard 200, chati kuu ya albamu Marekani, ambayo kwa miaka yake yote kwenye muziki hajawahi kufika juu hivyo, kabla ya hapo rekodi yake ilikuwa namba 6 ya Blue Smoke mwaka 2014. Wiki ya kwanza ilifanya kama nakala 128,000 ukijumlisha na za mtandaoni, na sehemu kubwa sana ilikuwa watu wanaonunua albamu kabisa, sio kusikiliza mtandaoni. Ikawa namba moja kwenye chati ya albamu za roki, na namba moja kwenye chati ya albamu za kantri. Zote mbili! Hii naiandika kwa ajili ya wale wa kule kwenye uzi mwingine, hata wenye chati walishindwa kusema kahama.

Wiki hiyohiyo, tarehe 23 Novemba, siku ya sikukuu ya Shukrani kule kwao, akaimba wakati wa mapumziko ya mechi ya Dallas Cowboys, timu ya futiboli ya Kimarekani, akiwa amevaa sare za washangiliaji wa timu, kitovu nje, miaka 77. Kuna waliomsema eti umri wake haumruhusu. Mimi nilimwangalia nikafurahi mpaka basi, alianza na Jolene, akaja 9 to 5, akamalizia na We Are the Champions. Mwezi mmoja nyuma yake alikuwa ametoa na kitabu kuhusu mavazi yake, Behind the Seams.

Na kabla sijasahau, mwaka ulianza jukwaani na mtu yuleyule aliyekuwa naye kwenye albamu. Usiku wa kuamkia 2023 alikuwa na Miley Cyrus, mtoto wake wa ubatizo, kwenye televisheni wakachanganya Wrecking Ball na I Will Always Love You. Ile Wrecking Ball ya kwenye Rockstar imetokea hapo. Kwangu mimi ndo bora kuliko zote za kurudia, maana huyo binti amekua mikononi mwake na sauti zao zina mkwaruzo unaofanana. Miley anaimba kwa nguvu, Dolly anaingia juu yake laini, afu wanabadilishana. Nyakato ukisikiliza moja tu kwa sababu yangu sikiliza hiyo.

Nyakato

Nimesikiliza kaka. Wrecking Ball nimeielewa. Na You're No Good ya mzee nimeirudia mara kadhaa. Let It Be bado sijashawishika, ila piano ya Paul sasa naisikia.

Swali moja la mwisho, kwa nini hakufanya ziara kuzunguka na hizi nyimbo? Ingekuwa pesa ndefu.

MwanaSanturi

Alishasema tangu 2022 kwamba ziara ndefu basi, anataka kuwa karibu na mume wake, akitokea jambo awe nyumbani. Umri wao ulikuwa umeenda. Ndo maana yote haya ya 2023 ni studio, televisheni, na maonyesho ya siku mojamoja. Na nadhani hilo lenyewe lilisaidia, maana huwezi kuwakusanya McCartney, Elton John, Stevie Nicks, John Fogerty na Joan Jett kwenye basi la ziara, lakini kwenye studio kila mtu anaweza kutuma sehemu yake akiwa alipo. Mmoja aliyemkosa ni Mick Jagger, mwenye Satisfaction yake, alimtaka sana na alisema hadharani, haikutokea, ndo Satisfaction wakaichukua Pink na Brandi.

Carl alifariki Machi 3, 2025, walikuwa pamoja karibu miaka sitini. Siku chache baadaye Dolly akatoa wimbo wa kumkumbuka, If You Hadn't Been There. Ukitoka kwenye huo ukarudi kwenye Magic Man ya 2023, unaisikia tofauti.

binti_wa_Moro

Bando langu dogo kaka, nyimbo 30 siwezi. Nianzie wapi?

MwanaSanturi

Mdogo wangu usianze na albamu. Anza na Jolene ya Olivia, afu Peace Like a River ya Dionne, hizo mbili za Februari. Kutoka Rockstar chukua Wrecking Ball, You're No Good, My Blue Tears, Magic Man, na Long As I Can See the Light aliyoimba na John Fogerty, hiyo mzee Fogerty sauti yake imezeeka vizuri sana. World on Fire kama unataka kumsikia akiwa peke yake. Ukibakiwa na bando weka Islands in the Stream ya 1983 mwishoni, usikie alivyokuwa anamsubiri Kenny amalize mstari. Ukimaliza rudi hapa useme ipi imekukaa.